Viumbe wa Mtaani: Buibui mweupe ndani ya waridi

SWALI: Habari yako Mwalimu. Kwenye waridi langu jeupe kuna buibui mdogo, mweupe pepepe, tumbo lina nundu mbili huku nyuma. Jana nilimkuta amemkamata nyuki anayemzidi ukubwa. Baba Imani anataka kupuliza dawa kwa sababu mtoto huchezea hapo. Ana sumu? Na mbona sioni utando?
– Mama Imani, Kasarani

JIBU: Mama Imani, mwombe baba watoto aiweke kando hiyo dawa. Huyo ni buibui-kaa wa jenasi ya Thomisus. Zile nundu mbili ndizo zinazomtambulisha. Aina kamili huhitaji hadubini. Mojawapo ya zile zinazoishi Afrika, Thomisus citrinellus, ilipewa jina na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1875.

Sumu anayo, lakini ni ya wadudu. Mtoto wako hana la kuogopa.

Utando wa kunasia hafumi kabisa. Yeye ni mviziaji. Hutulia juu ya ua, miguu minne ya mbele, mirefu kuliko ya nyuma, ameitanua kama magando ya kaa. Akisogea, huenda upande upande. Nyuki anatua kufyonza nekta, anadakwa, anaumwa nyuma ya kichwa, na kabla hajatoa mwiba amekwisha kulegea. Kisha buibui humfyonza taratibu, bila kumtafuna, hadi libaki gamba tupu. Hayo magamba utayaona chini ya waridi.

Mimi nafuga nyuki Dagoretti, kwa hiyo wanaoliwa ni wangu. Bado simuui. Yeye huchukua mmoja mmoja, na nzi pia huwala. Dawa ikipulizwa kwenye maua yaliyochanua itaua nyuki wengi kuliko atakaokula yeye maisha yake yote. Hilo linaniuma sana, maana nyuki wa mjini hawana maua ya kuchagua.

Uliyemwona ni jike, kwani dume ni mdogo mno na ni nadra kuonekana. Usishangae akigeuka manjano akihamia kwenye ua la manjano. Hubadilika kwa siku kadhaa, si papo hapo. Akikaribia kutaga hukunja jani kwa hariri, akaweka mayai humo na kuyalinda. Jani la namna hiyo usilikate unapopogoa.

Kama Baba Imani bado ana wasiwasi, mkingieni karatasi, mtikise ua, mkamwachie kwenye kishonanguo kilichochanua kando ya ua wa nyumba.