Kabla hujanunua udi na mafuta mazuri, ijue pua yako

Wateja wengi wa mafuta mazuri hufanya hivi: wananusa chupa ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi, halafu wanachukua ya mwisho. Si kwamba ya mwisho ndiyo nzuri. Pua imechoka, na mtu anaona haya kutoka dukani mikono mitupu. Mie nachanganya udi na mafuta hapa Unguja, na wanaokuja kwangu huwaambia mapema: nusa vitatu, basi. Kisha katembee mpaka Forodhani, upigwe na upepo wa bahari, ndiyo urudi tuzungumze bei.

Sababu iko ndani ya pua, juu kabisa, karibu na usawa wa macho. Huko kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli ina vinyweleo vilivyolala kwenye ute, na juu ya vinyweleo hivyo kuna vipokezi, yaani protini zinazonasa molekuli za harufu. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi, na kwa kawaida seli moja hubeba aina moja tu. Jeni za vipokezi hivyo ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, wakatangaza mwaka 1991 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Molekuli ikikaa kwenye kipokezi, kipokezi hujipinda kidogo, seli hutoa ujumbe wa kemikali ndani yake, njia ndogo kwenye utando wake hufunguka, sodiamu na kalsiamu huingia, na umeme hukimbia kwenda ubongoni. Yote hayo hujamaliza kuvuta pumzi.

Sasa sikiliza: kalsiamu ile ile iliyosaidia kuiamsha seli ndiyo inayoanza kuituliza. Harufu ikiendelea kuwapo, seli hupunguza kuitikia. Ndiyo maana mgeni akibisha hodi anausikia udi wako toka mlangoni, nawe uliyeuchoma husikii kitu. Ndiyo maana pia kuna watu wanaojipaka mpaka daladala zima linafungua madirisha. Jamani, wewe huisikii, sisi tunaisikia! Ukishapaka, usiongeze kwa kuwa eti harufu imekwisha. Muulize aliyeingia sasa hivi.

Maduka mengine huweka kibakuli cha buni ili mteja "asafishe" pua. Mie sikuwahi kukiweka. Buni nayo ni harufu, tena yenye molekuli chungu nzima, na inakwenda kwenye vipokezi hivyo hivyo unavyotaka vipumzike. Nusa kiwiko chako mwenyewe kisichopakwa kitu, au toka nje.

Jambo ambalo wateja hawalitarajii ni kuwa hakuna kipokezi cha karafuu wala cha asmini. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na ubongo husoma mchanganyiko wa vilivyoamka. Tofauti ndogo sana hubadilisha kila kitu. Kwenye mnanaa kuna molekuli iitwayo kavoni. Kwenye kisibiti pia kuna kavoni, atomi zile zile kwa mpango ule ule, ila moja kwa nyengine ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Pua nyingi hazizichanganyi.

Kuzijua tofauti ndogo kama hizo kuna faida kwa mnunuzi wa mafuta ya karafuu. Karibu yote yanayouzwa, yawe ya karafuu zenyewe, ya makonyo (vikonyo vyake) au ya majani, yamejaa kemikali iitwayo eujenoli, na hiyo ndiyo inayokupiga mwanzo. Kwa hiyo mwanzo haukuambii kitu. Tia tone kwenye karatasi, iache mpaka jioni, kisha nusa kilichobaki. Mafuta ya karafuu zenyewe huwa na utamu fulani kwa nyuma. Ya majani mara nyingi huwa makavu, yana ukali wa dawa. Mie niliyekulia Pemba karibu na makarafuu yaliyoanikwa juu ya majamvi huyatambua upesi, lakini hata mgeni anaweza, mradi asiwe na haraka.

Na usihukumu kitu kwa kutia pua kwenye mdomo wa chupa. Asmini ina kemikali iitwayo indoli. Indoli ikiwa nyingi na peke yake, inanuka choo, sisemi kwa mzaha. Ikiwa chembe tu, ndiyo inayoipa asmini ule uzito unaoujua kwenye kikuba cha biharusi. Kiasi kikizidi, vipokezi vyengine vilivyokuwa vimelala navyo huamka, na ubongo unasoma harufu nyengine. Shika karatasi mbali na uso, ipepee, vuta pumzi fupi fupi. Na asmini isiyo na uchafu wowote ndani yake, kwangu mie hiyo ni sabuni.

Ule mchomo wa puani unaowafanya watu waseme "haya makali, basi ni mazuri" hata si harufu. Ni neva nyengine kabisa, ile ile inayohisi ukali wa pilipili na ubaridi wa mentholi. Spiriti ya bei nafuu nayo inachoma.

Udi wa kuchoma una sharti lake. Molekuli zake nyingi ni nzito, haziruki bila joto, ila moto ukizidi unaunguza mti na unachokisikia ni moshi. Subiri makaa yafunikwe na jivu ndiyo uweke udi kwenye chetezo. Limau na mchaichai ni kinyume chake, huruka upesi, ndiyo maana mafuta yanayokupendeza dukani kwa dakika mbili yanaweza kuwa kitu chengine ukifika nyumbani.

Niseme na waliopoteza harufu baada ya mafua au korona, maana yalinifika. Seli hizi za puani zina bahati ya kuzaliwa upya, na kuna zoezi la kuzisaidia. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliwanusisha wagonjwa harufu nne, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Wengi zaidi walipata nafuu kati yao kuliko kati ya wasiofanya zoezi. Vyote hivyo vinapatikana sokoni Darajani, hapa Unguja. Weka kila kimoja kwenye kichupa chake, nusa taratibu kama sekunde kumi, kifikirie unachokinusa, pumzika, nenda cha pili. Usidondoshe mafuta ndani ya pua, yataunguza. Karafuu iliponirudia mwanzo ilikuwa na harufu ya mpira unaoungua, nikataka kuacha. Hali hiyo huwapata wengi seli zinapojiunga upya na ubongo, kwa hiyo vumilia. Si kila mtu hupona kabisa.

Lakini harufu ikipotea ghafla bila mafua, au baada ya kugonga kichwa, au upande mmoja wa pua tu, acha vichupa uende kwa daktari. Na kama unapikia gesi, harufu ile mbaya ya mtungi ni kemikali ya salfa iliyotiwa makusudi ili uvujaji ujulikane kwa pua. Pua yako ikiwa haifanyi kazi, mwengine wa nyumbani ndiye awe anakagua jikoni kabla hujawasha kiberiti.