Jibu: Uzito wa kazi ya mtafiti wa saratani ya ini unapimwaje?

Mkuu, umeuliza kama kuhesabu mara alizonukuliwa mtafiti na watafiti wengine kunatosha kujua uzito wa kazi yake. Kwangu, hapana. Mchukue Palmer Beasley, daktari Mmarekani aliyefanyia kazi Taiwan. Alifuatilia wanaume 22,707, na mwaka 1981 akaonyesha kwamba waliobeba virusi vya homa ya ini B walipata saratani ya ini kwa kiwango mara 223 ya wenzao wasio navyo. Mara 223! Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuchanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo, na baadaye saratani hiyo ikapungua kwa watoto. Mimi huangalia hapo kwanza: nani hakuugua. Hata hapa Tanzania, kinga hiyo imo kwenye sindano ya pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) anayochomwa mtoto kuanzia wiki 6.