Satelaiti iliona shamba, shefu alijua nani atakata kesho

Ndugu uliyeuliza kama satelaiti, simu na ramani za kompyuta zinaweza kweli kuisaidia Leta, yaani serikali yetu ya Kongo, kutimiza ahadi zake za mazingira, ama ni maneno ya semina tu: zinasaidia, na nimeona kwa macho yangu. Ila msaada haukutokea pale nilipoutazamia.

Nilifanya kazi ya kuhakiki pori kwa misimu miwili ya kiangazi, upande wa barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Ofisini kompyuta inalinganisha picha za satelaiti za sasa na za wiki zilizopita, na panapoonekana majani yamepungua inaweka alama. Sisi tunapewa alama hizo ndani ya simu, tunapanda pikipiki, tunafika, tunapiga picha na kujaza fomu ya Kobo, programu ya kukusanya taarifa kwa simu. Fomu hiyo haihitaji mtandao porini, unaituma jioni ukisharudi mjini.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa kwanza karibu tukate tamaa. Alama kwa alama tulikuta miti ya mitondo na misamba imesimama wima, majivu ya moto wa nyasi chini, na juu machipukizi mekundu yanaanza kutoka. Hakuna aliyekata kitu. Ni miombo tu, pori letu la miti hiyo, imefanya desturi yake: kiangazi kinapokaza inapukutisha majani, na kutoka angani pori lisilo na majani linafanana na pori lililofyekwa. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya msitu mnene wa mvua wa kule mkoa wa Équateur haiwezi kuletwa Katanga ilivyo. Dawa tuliyoipata ni kulinganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, Julai na Julai. Hilo linawezekana kwa sababu picha za Landsat, satelaiti za Marekani, zinapatikana bure tangu 2008, na hazina yake inarudi nyuma hadi 1972.

Kulikuwa na kosa la upande wa pili pia, na hili liliniumiza zaidi. Mchoma makala (mkaa) haanzi kwa kufyeka pori zima. Anachagua miti mizuri kwa makala, anaiacha mingine. Kipande kimoja cha picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo miti mitano mikubwa inaondoka humo na alama haitokei. Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, za mita 10, zilitusaidia kidogo. Pale tulipokuta alama za kweli, mara nyingi makala yalikuwa yameshauzwa zamani na sasa ni shamba la mahindi.

Katika kijiji kimoja nilimwonyesha shefu, mkuu wa kijiji, alama kwenye simu. Alikuwa mzee, nikamwita baba. Akaangalia kwa utulivu, akaniambia: «Mwanangu, hapo pameshakwisha. Mbona huniulizi pale watakapokata mwezi ujao? Wanaokata wanapita kwangu kwanza kuomba.»

Nilirudi mjini na neno hilo. Tulimwomba msimamizi wetu aongeze ukurasa kwenye fomu: nani ameomba kukata, wapi, amekuja na kibali cha nani. Ukurasa huo mmoja ulitufaa kuliko alama zote za mwaka ule, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kupeleka ofisini kabla miti haijaanguka. Ofisi moja tuliyoipelekea ilipokea karatasi, ikapiga muhuri, na hapakuwa na mtu mwenye pikipiki ya kwenda. Eneo hilo lilikatwa. Bado linaniuma.

Kwa hiyo ukitaka mfano wa Leta iliyofanikiwa, angalia Brazili, lakini uangalie miaka yote. Taasisi yao ya utafiti wa anga, INPE, ilianza kutoa tahadhari za DETER, za satelaiti kuhusu ukataji miti, mwaka 2004, mwaka ambao Amazon yao ilipoteza msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 27,000. Kufikia 2012 hasara ilishuka hadi karibu 4,600. Satelaiti haikufanya hivyo peke yake: tahadhari zilikwenda kwa wakaguzi wenye uwezo wa kutoza faini na kufunga shamba, na kuanzia 2008 mwenye shamba asiyefuata sheria alinyimwa mkopo wa benki. Kisha usimamizi ukalegea, na mwaka 2021 hasara ikapita 13,000, ilhali tahadhari zilikuwa zinaendelea kutoka. Usimamizi uliporudi, namba zikaanza kushuka tena.

Sisi pia hatuanzi na sifuri. Kadasta ya migodi, CAMI, ofisi ya Leta inayoandikisha vibali vya migodi, ina ramani kwenye intaneti: mtu akiwa Lushi (Lubumbashi) anafungua na kuona kila kibali cha mgodi, mipaka yake na mwenye nacho. Vibali vya kukata miti ya makala sijawahi kuviona kwenye ramani kama hiyo. Ninaviona kwenye vishina vya karatasi pale barieri, kizuizi cha barabarani, ambako lori linapita na mifuko isiyoulizwa imetoka pori gani. Kuunganisha kibali, eneo na mfuko hakuhitaji satelaiti mpya. Kunahitaji simu moja barieri na daftari moja la pamoja ambalo shefu naye anaweza kulisoma.

Jambo jingine lenye faida ni misitu ya jamii. Dekreti (amri ya serikali) ya 2014 inaruhusu jamii kupewa hadi hekta 50,000, na kuomba kunahitaji ramani. Vijana wa kijiji wenye simu yenye GPS wanaweza kutembea mpaka wenyewe pamoja na wazee.

Kama uko Lushi, anza hivi: chukua picha za bure za Julai za miaka miwili iliyoachana, tazama barabara ya Kasenga, andika sehemu tatu zilizobadilika. Halafu nenda kwa shefu wa eneo, umsalimie vizuri, na umuulize kuhusu sehemu ya nne.