Mteja wa Bukavu anasema jaji wao hafuati kesi za zamani, ni kweli?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, mteja wangu mkubwa yuko Bukavu. Juzi tunabishana akaniambia kwao jaji hafuati kesi zilizopita kama huku, anafungua kitabu tu. Kweli? Na tukigombana, sheria ya nani inatumika?

JIBU: Marahaba dada. Mteja wako kasema kweli nusu. Sisi tulirithi komoni loo ya Uingereza, yaani mfumo ambao maamuzi ya kesi zilizopita nayo ni sheria, na sheria yetu mpaka leo inataja tarehe kabisa kwamba tuliichukua kama ilivyokuwa 22 Julai 1920. Huku Mahakama ya Rufani ikishaamua jambo, Mahakama Kuu hapa Mwanza na zote za chini lazima zifuate uamuzi huo, ndo maana unatuona mawakili tumebeba makaratasi ya kesi za watu wengine. Congo, kwa huyo mteja wako, waliachiwa mfumo wa Wabelgiji, ambao nao umetokana na Code Civil (kitabu cha sheria za kiraia) ya Ufaransa ya 1804, na sheria yao ya mikataba ni ya tangu 1888. Kwa hiyo jaji wao anaanzia kwenye kifungu, sio kwenye kesi. Ufaransa kwenyewe kifungu cha 5 cha kitabu hicho kinamkataza jaji kutunga kanuni ya jumla kupitia hukumu. Ila usidanganyike, mahakama ya juu ikirudia msimamo uleule mara kadhaa wa chini wanafuata, nani anataka hukumu yake itenguliwe? (Wajerumani walitangulia hapa ziwani, wangebaki pengine na sisi tungekuwa watu wa vifungu.)

Tofauti inayokugusa zaidi ipo kwenye ahadi. Huku kwetu makubaliano ambayo upande mmoja hautoi chochote kwa kawaida ni batili, kwao wanauliza kama kuna ridhaa, uwezo wa kuingia mkataba, kitu kinachoahidiwa na sababu halali. Afu mtu akivunja mkataba, huku mara nyingi unapewa fidia ya hela, wenzetu wanaanza na kumlazimisha atimize alichoahidi. Na tangu 2012 Congo wako ndani ya OHADA, yaani nchi 17 zenye sheria moja ya biashara na mahakama yao ya juu iko Abidjan, kwa hiyo mauziano ya wafanyabiashara yakiangukia sheria ya Congo yanafuata hiyo sheria ya OHADA.

Sasa sheria ya nani? Mnayoichagua wenyewe. Mkataba ukikaa kimya mtaanza kugombania hilo kabla hata hamjafika kwenye dagaa. Andikeni sheria ya Tanzania, lakini msiishie hapo, maana hukumu ya mahakama ya Mwanza haitembei yenyewe mpaka Bukavu, lazima mahakama ya kule iikubali kwanza. Mi ningeweka kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro wenu uamuliwe na mtu mliyekubaliana badala ya mahakama. Uamuzi wa msuluhishi unatambulika kwa Mkataba wa New York wa 1958, sisi tumo tangu 1964, Congo wameingia 2014, na njia hiyo ni nyepesi kuliko kupeleka hukumu.

Ila hayo ni kwa mzigo mkubwa au mkataba wa mwaka mzima. Kama ni fuso moja moja, gharama za usuluhishi zitakula faida yote, we chukua hela yako yote kabla magunia hayajapanda gari.