Re: Mipira ya matone chini ya nyasi haitaziba?

Ndugu, umeuliza kama mipira ya matone, yaani ile yenye vitundu vinavyotoa maji tone kwa tone, ikifukiwa chini ya nyasi za bustani haitaziba. Itaziba usipoweka chujio pale maji yanapoingia, na wengi hukosea hapo. Mwishoni mwa laini weka koki ya kusafishia. Tafadhali usikose kuweka valvu ya hewa, ile inayoruhusu hewa kuingia kwenye mpira, sehemu ya juu kabisa: bila hiyo, maji yakifungwa, mpira hufyonza, na tope huingia kwenye vitundu. Kwa nyasi, kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha. Maji yanafika kwenye mizizi, jua na upepo havipati kitu. Ila nyasi changa zimwagilie kwa juu kwanza, mpaka mizizi ishuke. Ukiona sehemu moja imelowa chepechepe, fukua hapo, huenda mpira umetobolewa na jembe.