Maswali ya Wasomaji: Kifaransa na Kijerumani kwa Pamoja

SWALI: Nasoma Kifaransa na Kijerumani sekondari. Jinsia za nomino zinanichanganya, na kwenye insha za Kijerumani nakatwa alama kwa mpangilio wa maneno. Nifanyeje?

JIBU: Jinsia za nomino za lugha hizi mara nyingi hazifuatani. Kwa Kifaransa jua ni le soleil, la kiume, lakini Wajerumani husema die Sonne, la kike. Mwezi ni la lune, wa kike, lakini kwao der Mond, wa kiume. Basi usikariri nomino peke yake. Ya Kijerumani iandike pamoja na der (kiume), die (kike) au das (jinsia ya tatu, si kiume wala kike) na wingi wake: der Tisch (meza), wingi die Tische. Kwa Kifaransa andika une école (shule), si l'école, maana l' huficha jinsia. Miishio nayo inasaidia sana: nomino zenye viambishi -heit na -keit ni za kike, na za Kifaransa za -tion karibu zote vilevile.

Kuhusu mpangilio, unatunga Kijerumani kwa mtindo wa Kifaransa. Parce que je suis malade (kwa sababu mimi ni mgonjwa) huwa weil ich krank bin: kitenzi, bin, kinakwenda mwisho. Ukimaliza insha, pigia mstari kila weil (kwa sababu), dass (kwamba) na wenn (ikiwa), kisha kagua kitenzi kiko wapi.