Mbona albamu mpya inachosha masikio?

SWALI: Bendi yetu ya roki imetoa albamu mpya. Wasikilizaji wanalalamika: ngoma zimefifia, mwimbaji amezama kwenye magitaa. Tatizo ni masikio yetu au studio?

JIBU: Kwa ngoma, shuku studio. Fungua faili la wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Mawimbi yakionekana kama tofali, bila vilele, sauti imebanwa mno (tofauti ya kubwa na ndogo imepunguzwa ili wimbo wote uvume zaidi) na pigo la ngoma halina pa kuchomoza. Ubanaji huo ni kazi bure, kwani Spotify kwa kawaida huushusha wimbo unaovuma mno hadi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Mwimbaji ni suala jingine. Magitaa yenye mkwaruzo hujaa kwenye masafa ya kati ya hezi 1,000 na 4,000, palepale maneno yanapotamkika. Ukipunguza masafa hayo kwa ekwalaiza, kidhibiti cha besi na sauti nyembamba, mwimbaji naye unampunguza. (Bendi nyingine humzamisha mwimbaji kwa makusudi.)

Ukiilinganisha na albamu ya zamani, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Yenye kelele zaidi hudanganya sikio.